Laptopu ya Fungu la Vipuri

Mwalimu Marko alisema saa kumi jioni, na Mwalimu Marko akisema saa kumi, saa kumi na dakika tano ni siku nyingine. Ndivyo alivyoiongoza kwaya ya Mamboya kwa miaka ishirini na mbili. Aliyechelewa mazoezi aliimbia nje, dirishani, hata kama ndiye besi pekee aliyefika.

"Mwanangu Regina," alimwambia kwenye simu siku ya Alhamisi, "kazi yako naijua na nakuheshimu. Lakini kitabu cha yubile hakichapwi kwa maneno matamu. Jumamosi nashuka Kilosa na daftari langu. Saa kumi nikukute una mashine, uniandikie wimbo mmoja mbele ya macho yangu. Usipokuwa nayo, napanda gari la Morogoro na daftari langu. Huko wapo wanaochapa."

"Nitakuwa nayo, Mwalimu."

Alijibu haraka, kama mtu aliyetukanwa. Wanaochapa Morogoro! Wangejua nini kuhusu nota za kwaya, wale? Nyimbo mia moja na arobaini, kila neno limekaa chini ya herufi zake za sauti, d, r, m, f, s, l, na nukta pacha katikati kama mishono ya nguo. Ukikosea nukta moja, sauti ya tatu inaingia kabla ya ya pili na kanisa zima linageuza shingo. Kilosa yote hakuna aliyeweza kazi ile isipokuwa Regina, aliyekulia kwenye vilima vya Mamboya akiimba alto, na sasa alikuwa na meza yake ya kuchapa kule Mabwerebwere, hapohapo Kilosa, chini ya bati alilolilipia mwenyewe. Kitabu kile kingebebwa kila kanisa la milimani, na nyuma ya jalada kingesomeka: Kimechapwa na Regina, Kilosa. Alikuwa ameshaliona jina hilo usiku na mchana.

Tatizo lilikuwa moja. Jumatatu ya wiki ileile laptopu yake ilizima katikati ya barua ya mteja na haikuwaka tena. Na mkononi alikuwa na laki moja na themanini.

*

"Dada Regina, panda tuondoke, jua halingoji mtu!"

Hussein alikuwa fundi simu, jirani yake wa meza. Mtu mrefu, mwembamba, mwenye maneno mengi kuliko bisibisi zake. Ijumaa jioni alikuwa amemletea habari akihema: duka la Ditram Elektroniki, Mikumi barabarani, limetangaza punguzo la Jumamosi moja tu. Laptopu, chaja, mausi, kibodi, vyote.

"Punguzo la kweli au la midomo?" Regina aliuliza.

"Hilo ndilo swali! Wewe unanunua na fundi Hussein, hakuna atakayekuuzia hewa."

Waliondoka asubuhi na mapema kwa pikipiki ya Hussein, wakapita kijiji cha Ulaya vumbi likiwafuata kama deni. Hussein alipiga kelele kichwa kikiwa upande, "Tumeshafika Ulaya, dada! Tena bila pasipoti!" Regina hakucheka. Alikuwa anahesabu saa. Saa tatu wafike, saa nne wawe wameshanunua, saa tano wawe njiani kurudi. Ilitosha. Ilibidi itoshe.

Mikumi ilikuwa imejaa kama mnada. Malori yamepanga foleni kando ya lami, abiria wa mabasi ya mikoani wameshuka kununua mahindi ya kuchoma na kuangalia kulikoni. Mbele ya duka la Ditram kulikuwa na turubai la njano, na chini yake meza sita zilizosheheni, na juu ya meza ya katikati amesimama Ditram mwenyewe, mtu mnene wa miaka arobaini hivi, kipaza sauti mdomoni.

"Bei zimeanguka, jamani! Zimeanguka na hazina wa kuzinyanyua! Hii ilikuwa laki sita na nusu, leo laki nne na ishirini! Ukiiacha, usinipigie simu kesho unalia!"

Regina alisogea. Laptopu ile ilikuwa nyeusi, inang'aa, na kwenye karatasi yake nyekundu bei ya zamani imekatwa kwa kalamu nene. Hussein hakuitazama hata laptopu. Alitoa simu yake, akafungua picha.

"Wiki mbili zilizopita nilikuja hapa kununua vioo vya simu," akasema taratibu. "Nilipiga picha rafu nzima. Tabia yangu. Haya, ione mwenyewe."

Regina akatazama. Laptopu ileile, mkwaruzo uleule kwenye kona ya kushoto. Bei: laki tatu na tisini.

"Kapandisha?"

"Kapandisha ndipo akashusha! Leo unalipa elfu thelathini zaidi, na bado ushukuru kwa makofi." Hussein alikuwa amewaka kama taa. "Sasa nifuate. Tunatafuta kilichoshuka kweli."

Ikaanza kazi ambayo Regina hakuwahi kuiona. Hussein alipita meza hadi meza kama mganga. Aligeuza chaja, akazipima uzito kiganjani: nyepesi mno aliitupa, "humu ndani mna uzi na matumaini." Aliona flashi iliyoandikwa inabeba faili za dunia nzima kwa elfu kumi na mbili, akacheka mpaka machozi. Aliwasha laptopu moja, akachomoa chaja, ikazima palepale kama mshumaa. "Betri ya mapambo." Nyingine alihisi bawaba zake. Nyingine alinusa. Kweli, alinusa, matundu ya feni. "Hii imeshaungua mara moja."

Lakini vilivyoshuka kweli vilikuwepo. Mausi ya elfu ishirini sasa elfu tisa, na picha ikathibitisha. Begi. Kibodi za nje. Kila walipokuta kitu cha namna hiyo walishikana mikono kama waliofunga goli. Shida ni kwamba laptopu nzima, hata ile iliyoshuka kweli, haikupungua laki tatu na nusu. Ilipofika saa nne na nusu walikuwa wamezungukia meza zote mara mbili, na Regina alikuwa na laki moja na themanini ileile.

"Twende maduka ya Ruaha?" aliuliza. "Kidodi?"

"Ruaha hakuna kitu. Nakwambia ukweli." Hussein alitikisa kichwa.

Ndipo Regina alipoliona fungu la mwisho, chini, kwenye turubai lililochanika nyuma ya meza. Laptopu kama kumi hivi zimelundikwa kama viatu vya mtumba. Kibao cha boksi kilisema: VIPURI. YOYOTE 90,000. HAKUNA KURUDISHA.

*

"Hizo ni maiti, dada," Hussein alisema, lakini alikuwa ameshachuchumaa kabla ya mdomo kumaliza. Alichambua. Kioo kimepasuka. Haina diski. Imeingia maji. Kisha akavuta moja ya rangi ya majivu, nzito, pembe zake nzima, akaiwasha. Ikawaka. Akafungua ukurasa wa kuonyesha vilivyomo ndani. Akaita kwa kunong'ona.

"Dada. Memori gigi nane. Diski mpya, ile isiyozunguka. Betri... imekaa! Hii kitu nzima hupati kwa laki nne na nusu."

"Sasa imefuata nini kwenye vipuri?"

Aliyejibu alikuwa mwanamke aliyevaa miwani, amesimama nyuma yao na boksi la mausi mkononi. Alijitambulisha kuwa Bibiana, mwalimu wa shule ya msingi kule Ruhembe. "Mie nimeijaribu saa ile. Imerogwa. Jaribu kuandika jina lako uone."

Hussein akainama, akatafuta herufi moja moja kwa kidole cha shahada. H. U. S. S. E. I. N. Kwenye kioo ikatokea: Hussein.

"Mbona inaandika?"

"Endelea."

Akaandika Kilosa. Ikatokea Kilosq. Akaandika Mikumi. Ikatokea :iku;i. Akarudia polepole, akikibonyeza kila kitufe kama anayeua kunguni. :iku;i.

"Langu liliandika Bibiqnq," Mwalimu Bibiana alisema kwa uchungu. "Sijawahi kutukanwa na mashine."

"Virusi," Hussein alitoa hukumu. "Tena vya akili. Vinakuacha uanze vizuri, halafu vinakugeuka." Akainua sauti. "Kaka Ditram! Tuchomekee kibodi ya nje tuone!"

"Thubutu!" Ditram alijibu kutoka juu ya meza, kipaza sauti kikiwa bado wazi, na Mikumi yote ikasikia. "Vifaa vyangu vizima havigusi fungu hilo! Ziko tatu za namna hiyo, zote zina ugonjwa mmoja! Fundi wangu kazisafisha mara mbili, akashindwa!"

Hussein alianza kumweleza Regina kwa nini waiache. Alieleza kwa urefu, kama kawaida yake: hata wakibadilisha kibodi, ugonjwa unaweza kuwa kwenye bodi kubwa, na bodi kubwa ni roho ya mashine, na roho hainunuliwi dukani. Regina alikuwa ameketi juu ya kreti, laptopu mapajani, anamtazama usoni. Alikuwa amechoka. Vidole vyake vilikaa penyewe palipozoea kukaa, vile viwili vya shahada vikagusa vinundu vya F na J, na kwa sababu mtu alikuwa anaongea mbele yake, vikaanza kuandika. Hakuviamuru. Miaka sita ya kuchapa barua za watu wanaosimulia huku wakilia humzoeza mtu hivyo.

Alipoinamisha macho, kioo kilikuwa kimeandika:

bodi kubwa ni roho ya mashine na roho hainunuliwi dukani

Alikodoa macho. Akasoma tena. Kila a ilikuwa a. Kila m ilikuwa m.

Akatazama vitufe. Pale ambapo kidole chake kidogo cha kushoto huibonyeza a, kitufe kilikuwa na herufi Q. Herufi A ilikuwa imepanda juu, mahali pa q. Z na W zimebadilishana nyumba. M imehamia mwisho wa mstari wa kati, jirani na L, mahali pa nukta mkato.

"Hussein," alisema, na sauti ilimtoka nyembamba. "Hussein, nyamaza kidogo."

"Nimesema nini kibaya?"

"Mashine haina virusi. Herufi ndizo zimechorwa sehemu nyingine. Hii imetoka kwa watu wanaopanga hivi, Wafaransa au nani sijui, halafu fundi kaitia mpangilio wetu tuliouzoea. Ndani inajua ya kwetu, nje imeandikwa ya kwao. Wewe unaamini macho, inakudanganya. Mimi siyaangalii."

Hussein alitazama kioo, akatazama vitufe, akatazama kioo. Kisha akainama sikioni kwake, macho yanametameta.

"Dada, funga mdomo. Usiseme neno. Zipo tatu! Toa elfu tisini yako, mimi natoa tisini, ya tatu nakopa hata kwa dereva wa lori. Tunaondoka kimya kimya kama tunatoka msibani."

*

Ingekuwa rahisi. Elfu tisini, mashine begani, Kilosa saa nane. Regina alishatoa noti kwenye kibindo. Lakini Ditram alikuwa ameshashuka mezani na kuwasogelea, jasho linamtiririka, na aliuliza swali ambalo muuzaji wa vipuri hakupaswa kuliuliza.

"Dada yangu, unanunua ya nini? Nisije nikakuuzia ugonjwa kesho ukanitangaza. Ile haiandiki."

Regina angeweza kusema natoa kioo, natoa diski. Hussein alimkanyaga mguu. Lakini kuna watu ambao uongo mdogo huwakwama kooni kama mwiba wa perege, na Regina alikuwa mmoja wao. Zaidi ya hapo, alikuwa na kiburi cha kazi yake. Asifiche ustadi wake kama mtu aliyeiba kuku!

"Inaandika," alisema.

"Haiandiki."

"Kwangu inaandika, kaka."

Ditram akacheka kwa nguvu. Akaipokea laptopu, akaiweka juu ya meza, akaandika jina lake kwa vidole viwili vinene. Kioo kikaonyesha Ditrq;. Akawageuzia watu.

"Jamani, njooni muone! Dada huyu anasema mashine inaandika! Mimi naitwa Ditraku nukta mkato!"

Watu walicheka, wakasogea. Dereva mmoja wa lori, mkononi ana hindi lililoliwa nusu, akasema, "Labda inamtaka yeye tu, kampenda." Wakacheka zaidi. Masikio ya Regina yakawaka moto.

"Nisomee chochote nikiandike," alisema. Hakupandisha sauti, lakini waliokuwa karibu walinyamaza. "Chochote unachotaka."

Ditram alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara haachi umati ulioshakusanyika bure. Akakinyanyua kipaza sauti.

"Mmesikia? Basi nasema mbele yenu wote! Dada huyu akiandika ninayosema, bila kosa hata moja, anaichukua mashine hii kwa elfu tisini, na chaja yake nzima juu, na mausi juu! Akikosea, ananunua kutoka meza za watu wazima kama wenzake! Sawa?"

"Sawaaa!"

Hussein alifunika uso kwa viganja. Kwenye meza za watu wazima hawakuwa na cha kununua, na wote wawili walilijua hilo. Saa ya simu ilisema saa tano na dakika ishirini.

Regina aliketi. Alipotupa macho kwenye vitufe, A ile ya juu ilimvuta kidole kama mtu anayekuita jina kwenye umati, na hapo akaelewa hatari iko wapi. Akavua khanga begani, akaitandaza juu ya mikono yake yote miwili na kibodi pamoja. Kule chuo cha uhazili Mama Agatha alikuwa akiwafanya hivyo kila asubuhi ya muhula wa kwanza, na anayechungulia hupigwa rula.

"Ah, anaficha!" mtu alipiga kelele.

"Anaficha nini, mjinga wewe, anajifunga macho!" Mwalimu Bibiana alimjibu.

Ditram akakohoa. "Karibuni Ditram Elektroniki..."

Vidole vikaondoka. K kubwa. Kidole kidogo cha kushoto kiliitafuta shifti, kikakuta kitufe kingine kimejipenyeza hapo, na kwenye kioo kikatokea kimstari cha mshazari. Umati ukasema "Aaa!" Regina alifuta, akakinyoosha kidole mbali zaidi. Shifti ilikuwepo, fupi, imebanwa ukutani.

"Kufuta si kosa!" Hussein alinguruma. "Mwandishi anaruhusiwa kufuta! Kosa ni litakalobaki!"

"Mwache, mwache," Ditram alisema kwa ukarimu wa mtu anayeona ushindi. "...Mikumi, mkabala na kituo cha mafuta. Leo tunauza laptopu, chaja na mausi kwa bei ya kutupa."

Khanga ilitikisika kama maji yanayoanza kuchemka. Maneno yalitokea kwenye kioo karibu na kasi ya mdomo wa Ditram. Watu wa mbele walianza kusoma kwa sauti, na wa nyuma wakaanza kusukuma. Ditram akaona. Akaongeza mwendo.

"Mteja wa Kidodi, mteja wa Ruhembe, mzazi mwenye watoto wa sekondari, mwanafunzi wa chuo, mzee mwenye mzigo wa mawazo, wote waje! Mama mzima amezoa mizinga mizito mitatu, akaiweka mezani, mizinga ikazama, mama akazimia!"

"Huo ni upuuzi gani?" dereva wa lori aliuliza.

"Aandike!"

Na Regina akauandika upuuzi ule. Hakuwa anatazama kioo tena, alikuwa anamtazama Ditram usoni, kama afanyavyo kwa wateja wake wote, na kwa mbali alijisikia anatabasamu. Kila z ilipita mahali pake, kila m. Alijihisi kama siku ile ya Pasaka alto ilipobaki peke yake kwa sababu wengine walipotea njia, na yeye akaubeba wimbo mpaka mwisho. Ditram alitamka haraka, akarudi nyuma, akatamka polepole ili amvuruge, akaingiza namba ya simu, akapumua. Khanga nayo ikatulia.

"Asome mwalimu," mtu alisema.

Mwalimu Bibiana aliweka sawa miwani, akainama, akasoma kwa sauti ile ya kusomea mitihani, neno kwa neno, akiwaonyesha kwa kidole. Karibuni. Mkabala. Mwanafunzi. Mizinga ikazama, mama akazimia. Alipofika mwisho wa namba ya simu alinyanyuka.

"Hakuna kosa. Ningempa mia."

Kelele zilizolipuka ziliwafanya abiria wa basi lililokuwa limeegeshwa kufungua madirisha. Hussein alikuwa anaruka palepale, kofia ya pikipiki kichwani, akipiga makofi. Ditram aliinama, akausoma mwenyewe mstari wa mwisho. Kisha akili ya biashara ikamrudia.

"Kumbe nzima! Basi ngojeni kwanza. Hii nzima ni laki nne! Elfu tisini ni bei ya mbovu!"

"Umesema kwenye spika!" dereva wa lori alimnyooshea gunzi. "Mikumi nzima imesikia. Hata simba huko porini wamesikia."

"Spika! Spika!" umati ukaanza kuimba.

Ditram alitazama umati, akatazama duka lake, akapiga hesabu ambayo mwenye duka yeyote angeipiga. Akachukua kipaza sauti.

"Ditram akisema, amesema," alitangaza kwa huzuni kubwa. "Chaja na mausi mpeni."

Hapo Hussein alimvuta Regina mkono. "Sasa tuchukue zile mbili, haraka, kabla hajajua..." Lakini Regina alikuwa ameshamgeukia Ditram.

"Kaka, zile mbili nyingine nazo ni nzima. Zirudishie mpangilio wa Kifaransa ndani, au bandika stika za herufi juu ya vitufe. Ni vitufe vichache tu vilivyohama. Utaziuza kwa bei yake."

Ditram alimtazama kama mtu anayetafuta mtego.

"Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu hii moja inanitosha. Na kwa sababu fundi wako amekutia hasara bila kujua."

Hussein alitoa sauti kama tairi linalopungua upepo. "Dada Regina," alisema walipokuwa wanafunga begi kwenye pikipiki, "umenipotezea faida ya mwezi mzima."

"Umepata tangazo. Watu wote wale wamekuona unavyozipima mashine. Yule dereva kaniuliza meza yako iko wapi."

"Kweli?"

"Kweli."

Hussein alifikiri mpaka wakavuka njia panda. Kisha akaanza kuimba.

*

Walifika Mabwerebwere saa kumi kasoro dakika kumi na mbili, baada ya pancha mbili za njiani, nyusi zao nyeupe kwa vumbi. Mwalimu Marko alikuwa ameshaketi kwenye benchi la wateja, suti ya kijivu, daftari gumu la jalada jeusi magotini, saa ya mkononi imegeuzwa upande wa ndani ili aitazame bila kuonekana.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umetoka kulima?"

"Nimetoka Mikumi." Regina alifuta mikono kwenye khanga, akachomeka chaja, akawasha. "Nipe wimbo wowote."

Mwalimu Marko alifungua daftari bila kuharakisha, akachagua. Alichagua mgumu, Regina alijua hivyo mara moja: namba thelathini na saba, ule wa mavuno, ambao sauti nne zinafukuzana kuanzia mstari wa pili. Mwandiko ulikuwa wa kalamu ya wino, mzuri, umeanza kufifia. Regina akaliegemeza daftari kwenye boksi la karatasi na kuanza.

Mwalimu alisogea. Aliona vitufe. "Mbona herufi za mashine hii..."

"Usiangalie huku, Mwalimu. Angalia kioo."

Kwenye kioo d zilijipanga juu ya d, nukta pacha zikasimama wima kutoka sauti ya kwanza hadi ya nne kama nguzo za ua. Mwalimu Marko alivaa miwani. Akaanza kunong'ona, d, d, r, m, kisha kunong'ona kukawa kuimba kwa chini, mkono wa kulia ukapata uhai wake na kuanza kupiga mapigo hewani. Hussein alizima redio ya meza yake. Mwanamke aliyekuwa anapita na ndoo alisimama kidogo, akaendelea.

Mkono wa Mwalimu ukaganda hewani.

"Simama. Hapa. Sauti ya pili, pigo la tatu. Umeweka l. Inaimbwa s."

Regina aliacha vitufe. Akatazama kioo: l. Akatazama daftari. Akainama zaidi, pua karibu iguse karatasi. Kisha akalisogeza daftari mbele ya Mwalimu, akaweka kidole chini ya herufi ile. Heshima haikumruhusu kusema zaidi.

Mwalimu Marko alisoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Wino ulikuwa umefifia lakini herufi haikuwa na shaka. Ilikuwa l, ndefu, ya mkono wake mwenyewe.

"Hii niliinakili mwaka ule wa mvua kubwa," alisema hatimaye. "Nikawafundisha kwa kichwa. Sikuangalia daftari hata siku moja." Alijaribu kuimba l ile, kwa sauti ya chini. Akakunja uso. Akaimba s. "Miaka yote hii, na hakuna aliyeniambia."

"Niandike ipi, Mwalimu?"

Mwalimu alipitisha kidole juu ya ile l. Mbali, treni ilipiga honi ikiingia stesheni, ikatulia.

"Andika wanavyoimba," alisema. "Na ukikuta nyingine za namna hiyo, usinisubiri mimi nizione. Niambie."

Akainuka, akanyoosha suti. Daftari akaliacha pale pale mezani, wazi, kwenye namba thelathini na saba. Regina alifuta l, akaweka s, akaendelea na pigo la nne.